Jina Lililokwanguliwa

Jumatano asubuhi Mwalimu Mulama, naibu mkuu wa shule ya wasichana, alifika kwenye banda la Nzivo sokoni Jericho akiwa na karatasi mkononi na tabasamu ambalo Nzivo hakulipenda hata chembe. Mtu mzima hachekicheki hivyo saa mbili asubuhi ila ana lake jambo.

"Mzee Nzivo, habari ya kazi?"

"Kazi iko, mwalimu. Kibao chenu nilimaliza kuchonga jana. Imebaki vanishi tu."

Vibao hivyo, kwa asiyevijua, ndivyo fahari ya shule ile. Kila mwaka, Siku ya Tuzo, mwanafunzi bora wa kidato cha nne huchongewa jina lake kwenye kibao cha mvule, kibao kikapigiliwa ukutani mwa bwalo na kukaa hapo miaka nenda miaka rudi. Na si kupigiliwa tu. Msichana hupanda jukwaani, hupitisha kiganja juu ya herufi zake mbele ya wazazi wote, kisha hulitaja jina lake kwa sauti, na bwalo zima huliitikia. Nzivo alikuwa amechonga vibao kumi na kimoja vya watoto wa watu. Karatasi ya mwaka huu, iliyoletwa wiki mbili nyuma, iliandikwa Koki Nzivo.

Bintiye wa kumzaa! Siku ile aliisoma karatasi mara tatu, akaenda akanawa uso bombani ili watu wa soko wasimwone machozi. Koki aliongoza darasa mihula yote miwili. Ndiye nahodha wa mdahalo aliyewafikisha wenzake fainali za kaunti. Kwenye maonyesho ya sayansi kichujio chake cha maji, alichokiunda kwa mchanga na makaa na ndoo kuukuu za rangi, kilikuwa cha kwanza. Walimu wenyewe walijumlisha alama wakazibandika ubaoni, na aliyemfuata Koki alikuwa mbali kama mtaa wa Komarock na Jericho.

"Kuna marekebisho madogo," Mwalimu Mulama akasema, akampa karatasi mpya.

Wanja Gichuru. Nzivo aliigeuza ile karatasi nyuma, kama kwamba jina lingine lingekuwa huko.

"Gichuru huyu ni yule mwenyekiti wa bodi?"

"Ni msichana mzuri, Wanja."

"Sijakuuliza uzuri wake! Alama mlizibandika wenyewe. Wanja ni wa nne. Wa nne, mwalimu! Hata kuhesabu mpaka nne kumewashinda?"

"Bodi ilikaa jana jioni, ikaangalia mambo kwa upana. Nidhamu, uongozi, nini na nini. Mzee, wacha tufunike kombe mwanaharamu apite. Wewe kwangua hilo jina, uchonge hili. Sherehe ni Jumamosi."

Nzivo alikuwa ameshika patasi. Aliiweka chini polepole, maana alijijua. Mtoto wake alisoma kwa taa ya simu umeme ulipokatika, alikwenda mdahalo na viatu vya kuazima, halafu watu wanne wanakunywa chai ya maziwa ofisini wanasema nini na nini!

"Tafuta fundi mwingine," akasema. "Mimi hiyo dhambi sifanyi. Ng'o!"

Mulama hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Nzivo. Alikunja mikono ya shati lake, akatazama huku na huku, akasema kwa upole, "Ile barua ya Koki ya kuombea udhamini wa chuo kikuu iko mezani kwa mkuu. Haijatiwa sahihi. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ijayo. Mimi ni mzazi kama wewe, sitaki mtoto aumie kwa ajili ya kipande cha mbao."

Akaaga kwa heshima zote, shikamoo na kila kitu, akaenda zake. Nyoka we!

Nzivo alikaa juu ya gogo muda mrefu. Alimtukana Mulama, akamtukana Gichuru, akawatukana wanabodi mmoja baada ya mwingine, na wale asiowajua majina akawatukana kwa makadirio. Hasira hazikusaidia kitu. Barua ilikuwa mezani kwa mkuu na kalamu ilikuwa kwa mkuu. Bila barua hakuna udhamini, na bila udhamini chuo Koki angekisikia tu redioni. Saa sita mchana akakifunga kibao kwenye meza, akachukua patasi, akaanza na herufi ya mwisho ili asiwe anamsoma mtoto wake anapomfuta.

Sasa, jina lililochongwa halifutiki kama chaki. Herufi zimezama ndani, na ukitaka ziondoke lazima ukwangue mpaka ufike chini zilikokanyaga. Pale palipokuwa na jina panabaki bonde. Fundi anayejiheshimu hupiga randa kibao kizima, kila pahali pashuke sawasawa, asiwepo mtu wa kujua. Nzivo aliishika randa, akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Wacha wajue," akasema peke yake. "Nimeambiwa nikwangue jina. Sikuambiwa nifiche."

Akachonga Wanja Gichuru humo humo. Jina hilo ni refu kuliko la Koki, kwa hiyo herufi za mwanzo na za mwisho zilibaki juu kwenye ukingo, na zile za katikati zikalala bondeni. Alipaka vanishi. Ukisimama mbali huoni kitu.

Ijumaa Koki alirudi kutoka shule, akatupa mkoba, akakataa chakula. Mamake, Mwelu, alikuwa anapiga pasi gauni la sherehe, maana alikwisha watangazia akina mama wote wa kanisa.

"Si mimi tena," Koki akasema. "Ni Wanja. Mwalimu wa darasa ameniambia leo, ati nikae kimya nisiaibishe shule."

Mwelu alikaa kitini na pasi mkononi. "Ati nini?"

Koki alimgeukia babake. "Walipeleka kwa fundi mwingine, sivyo? Maana wewe haungekubali. Nilimwambia Wanja hivyo hivyo, nikamwambia babangu hawezi."

Hapo ndipo pa kusema. Mwanamume mzima, mkali wa soko zima, anayeogopwa hata na askari wa kanjo wanaobomoa mabanda, aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Koki alichukua kimya hicho kuwa hasira, akamletea maji ya kunywa.

Jumamosi bwalo lilifurika. Wazazi kwenye viti vya plastiki, wasichana wa kidato cha nne safu za mbele, wengine wamesimama mpaka madirishani. Kwaya iliimba. Timu ya netiboli ilipewa kombe lake, wacheza ngoma wakapewa vyeti, na kila mtoto alipoitwa mamake alipiga kigelegele cha kupasua mabati. Yalikuwa mambo mazuri, na Nzivo aliyachukia yote. Kisha akasimama Bwana Gichuru, tai nyekundu, akahutubia robo saa kuhusu bidii.

"Katika shule hii," akasema, "hakuna njia ya mkato!"

"Mshenzi," Nzivo akasema, na si kwa sauti ya chini. Mwelu akamfinya paja.

Kitambaa kikavutwa, kibao kikaonekana, watu wakapiga makofi. Wanja akapanda jukwaani bila kuinua macho. Mwalimu Mulama akamshikia maikrofoni. Msichana akaweka kiganja juu ya W, akakipitisha. Kiganja kikashuka. Akasimama. Akakirudisha nyuma, akakipitisha tena, taratibu, akainama kuangalia kwa karibu.

"Taja jina lako, Wanja," Mulama akanong'ona, na maikrofoni ikakipeleka kinong'ono hicho bwalo zima.

"Mwalimu, hapa pamekwanguliwa. Hapa palikuwa na jina la nani?"

"Taja jina lako!"

"Palikuwa na jina la nani?"

Bwana Gichuru alianza kukohoa. Mkuu wa shule alimwashiria mwalimu wa kwaya aanzishe wimbo wowote. Lakini Nzivo alikwisha simama, kiti chake kimeanguka nyuma, na siku tatu za kumeza matusi zilimtoka kwa mkupuo.

"Koki Nzivo! Jina lilikuwa Koki Nzivo! Nililichonga kwa mkono huu, na Jumatano huyo Mulama akaja kwangu akanitishia kwa barua ya mtoto, nami nikalikwangua kwa mkono huu huu! Mwulizeni alama ziko wapi! Mwulizeni wa nne anakuwaje wa kwanza! Wezi nyinyi, wezi wa watoto!"

Na wasichana wale, waliofundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba jina likitajwa mbele ya kibao huitikiwa, wakaitikia. "Koki Nzivo!" Safu ya kwanza, kisha zote, kisha wa madirishani. Wanja aliinyakua maikrofoni kutoka kwa Mulama na kulitaja yeye mwenyewe, na bwalo likajibu tena. Wazazi wakasimama. Nzivo alihisi kifua kinafunguka. Akamtafuta Koki kwenye safu za mbele, ili waangaliane.

Koki alikuwa anamwangalia tayari. Hakuwa anacheka, wala hakuwa analia. Alisimama, akapenya kati ya wenzake waliotaka kumbeba, akatoka kwa mlango wa kando. Nzivo alimkimbilia akamkuta nje, karibu na matangi ya maji.

"Koki! Umesikia wanavyokuita?"

"Ni wewe uliyekwangua."

"Kwa ajili ya barua, mwanangu. Ningefanya nini? Hao watu wangekumaliza."

"Jana nilikuuliza, baba. Nilikuuliza mbele ya mama, ukafungua viatu."

Nzivo akanyoosha mkono amshike bega, Koki akarudi nyuma.

"Barua ilikuwa yangu," Koki akasema, na sauti ikaanza kumtetemeka kwa hasira, hasira ile ile ya babake, aliyomrithisha mwenyewe. "Jina lilikuwa langu. Ungeniuliza nataka kipi."

"Ungesema nini?"

"Sasa hutajua."

Ndani walikuwa bado wanaliita jina lake. Koki alivua beji yake ya unahodha wa mdahalo, akaitia mfukoni, akaelekea langoni bila kumngoja.