Miezi Mitano ya Ukoka

Miaka mitatu mumewe alipolala kitandani, mshonaji hakupata hata dakika ya kutazama uwanja wa nyuma. Alikuwa na mgonjwa wa kugeuza, wa kulisha na wa kuchekesha, na juu yake nguo za wateja. Siku daktari aliposema, "Sasa mzee aanze kutembea, mtafutie mahali laini akianguka asiumie," ndipo alipofungua mlango wa nyuma, akashika kiuno. Ukoka wote ulikuwa umekufa. Kulikuwa na magugu ya kufika magotini na ardhi iliyokakamaa kama sakafu.

Akamwita mtunza bustani, bwana mpole aliyebandikwa jina la Taratibu. Bwana huyo akazunguka, akachokoa udongo kwa kidole, akaunusa.

"Miezi minne."

"Minne! Kaka, mimi gauni la harusi nalimaliza kwa siku nne."

"Gauni halioti, dada."

Dirishani akasikika mumewe, ambaye kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto lakini ulimi kikauacha mzima. "Mpe hiyo minne! Mbona mimi umenivumilia mitatu, tena ya miaka?"

Taratibu aling'oa magugu na mizizi yake, akatifua, akachanganya samadi, akapanda vipande vya ukoka kwa mistari. Akaacha amri mbili: maji asubuhi na jioni, na asikanyage mtu mpaka wiki ya nane.

Wiki ya tatu ukoka ukageuka manjano. Mshonaji akakosa raha, kila akibadilisha uzi anachungulia.

"Umekufa," alimwambia mumewe.

"Unashika mizizi," alijibu mzee kwa sauti ya mjuzi, ingawa maishani hakuwahi kupanda hata kitunguu. Siku chache baadaye vichipukizi vikatokeza kweli, basi mzee akaringa wiki nzima.

Wiki ya sita, alasiri moja, mshonaji alisimamisha cherehani akaona nyumba imekuwa kimya mno. Kitanda kitupu. Akakimbilia nyuma. Mzee alikuwa katikati ya ukoka, ameegemea mkongojo wake wa miguu minne, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Nani amekuruhusu?"

"Miguu."

Alitaka kufoka, machozi yakamtangulia. Akamshika kwapani, wakarudi hatua kwa hatua, nyuma yao mkongojo ukiacha msururu wa vishimo.

Kesho yake Taratibu aliviona. Mshonaji alikuwa ameshajiandaa kumwombea mumewe radhi, lakini yule bwana akainama, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hapa ndipo udongo ulipokaza. Leo nilikuja kupatoboa maji yapate kupita. Mzee ameniokolea kazi. Ila asirudie!"

Mvua ilichelewa, miezi minne ikawa mitano. Siku Taratibu alipokata ukoka kwa mara ya kwanza, juujuu tu, mzee alitembea mpaka kwenye ua na kurudi, peke yake. Kisha, kwa makusudi kabisa, akajilaza chali.

Mshonaji akavua viatu, akalala kando yake, pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Majani mabichi yalinukia.

"Mume wangu."

"Naam."

"Tutainukaje?"

Mzee akafikiri. "Taratibu si anakuja kesho?"

Wakacheka, bega kwa bega, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kulikoni.