Baraza la Mawaziri Lililotoka Bombani

Asubuhi yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa jimbo, Kuntala Bhoi alikuwa uani akikamulia limau wali wa jana uliolowekwa maji, bomba lake likakohoa. Lilikuwa halijawahi kutoa hata tone tangu waziri wa maji alipokuja kulizindua kwa utepe na hotuba. Kuntala akaweka bakuli chini, akakinga ndoo. Akatoka waziri wa maji.

Alitanguliza kichwa, akajipangusa kutu mabegani, akasogea kumpisha waziri wa fedha. Wakafuata wa misitu, wa barabara, wa elimu, na wengine wote wa serikali iliyoangushwa. Waziri Kiongozi alichelewa kwa sababu shada la maua la shingoni lilinasa ndani ya bomba, ikabidi wenzake wamvute.

"Wamekuja kwako?" jirani yake Pramila aliuliza kutoka ng'ambo ya uzio.

"Wamekuja."

"Wape mkeka basi, shoga. Wageni hao."

Aliwapa. Waliketi kwa vyeo, wakazozana kidogo nani akae karibu na Waziri Kiongozi, kisha wakaomba maji ya kunywa.

Kuntala alisimama mbele ya waziri wa maji. Huyu alimjua vizuri. Kijiji chao kilipohamishwa kupisha bwawa, ndiye aliyewaapia kwamba huku kila nyumba itakuwa na bomba lake.

"Binti yangu Malati alikunywa maji ya dimbwi," alisema. "Alihara mpaka akafa. Bomba lako limesimama hapo hapo, linang'aa. Nani atanijibu?"

"Swali zuri sana, mama. Ila umechelewa. Ungetuuliza tukiwa madarakani."

"Si nilikuja ofisini kwako! Askari wakanivunja mkono."

"Hilo si la wizara yangu," alisema, akamtazama waziri wa usalama, ambaye alikuwa akivua soksi.

Waziri Kiongozi akafungua kikao. Wakasimama kimya kumkumbuka marehemu, wakakosea jina lake, wakapitisha kwa kauli moja kwamba kifo chake kinasikitisha.

"Malati!" Kuntala alipiga kelele. "Anaitwa Malati! Litamkeni, wezi wakubwa nyie!"

"Malati," waziri wa elimu alitamka kwa upole, akaketi.

Mchana akafika waziri mpya wa maji na msafara wa magari. Aliinama akagusa miguu ya Waziri Kiongozi wa zamani, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake, wakaulizana habari za wajukuu.

"Mheshimiwa, wachukue hawa," Kuntala alimwambia. "Halafu niletee maji."

"Una bahati, mama. Kwingine mabomba hayatoi kitu kabisa."

"Limetoa watu!"

"Limetoa," alikubali. Akamgeukia msaidizi wake: "Hili linafanya kazi." Akakata utepe mpya, akapigwa picha, akapanda gari.

Vumbi lilipotulia, Kuntala alimkamata Waziri Kiongozi wa zamani mkono, akamburura hadi dimbwini. Nyati wa kufugwa walikuwa wamelala ndani, wanawake wakichota ukingoni. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Akachota kopo likajaa, akamsogezea mdomoni.

"Kunywa. Yote. Nakuangalia."

Alikunywa yote, akapangusa masharubu. "Yana tope kidogo," alisema, "lakini si mabaya kama wapinzani walivyokuwa wakidai."

Kuntala alingoja augue. Alingoja siku zikapita, mzee akila wali wake na kunenepa pale mkekani, akinywa maji yale yale pamoja na baraza lake zima. Hakuna aliyelalamika hata kuumwa tumbo.

Aliyeanza kuhara ni mtoto mchanga wa Pramila.