Si Tasa

Likizo ile Chiku aliishinda upenuni kwa mkwewe, Mtaa wa Msimbazi, akihangaika na namba moja tu. Chukua mbili arobaini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe moja: unapata trilioni mbili na ushee. Wataalamu walikwishaimaliza zamani kwa mashine, lakini Chiku, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alitaka kuijua kwa mkono wake mwenyewe. Je, ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, au ina vigawo vingine? Njia ya mkato aliijua: kigawo chake chochote, ukikipunguza moja, lazima kigawanyike kwa themanini na mbili. Akawa anajaribu kimoja baada ya kingine.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Bi Zamda, mama wa mumewe, huku akichagua mchele.

"Naangalia kama namba hii ni tasa, mama."

Bi Zamda akawageukia wapangaji waliokuwa wakifua. "Mmesikia? Tasa anamtafuta tasa mwenzie!"

Uani pakalipuka kicheko. Mrisho, mumewe, alikuwa mlangoni akivaa viatu aende kwenye duka lake la vitenge. Alisikia. Akafunga kamba, akatoka.

Na Mrisho alikuwa anajua. Walikuwa wamepimwa wote wawili, daktari akawaeleza wamekaa bega kwa bega: mke mzima, mume hana mbegu. Walipofika Mnazi Mmoja wakirudi nyumbani, Mrisho alilia hadharani. "Nisitiri, Chiku. Mama atakufa kwa aibu." Akamsitiri.

Alhamisi moja asubuhi, elfu kumi na tatu mia tatu sitini na saba ikaingia bila kubakisha kitu. Chiku akarudia kuzidisha, jibu likawa lile lile. Haikuwa tasa. Alitamani kumwambia mtu, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa Mrisho, kaja na mama yake.

"Mama amenitafutia mke," Mrisho alisema, macho chini. "Anaitwa Amira."

"Na wewe umekubali?"

"Watu wanasema sana, Chiku."

Chiku akasimama, karatasi zikamwagika. "Basi waambie alichosema daktari."

Wapangaji wakaacha kufua. Mrisho akamtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Daktari gani?"

Jioni ile ile akampa talaka.

Mwaka wa pili yake, Chiku alikutana na Amira, sasa mke wa Mrisho, sokoni Kariakoo, kwenye meza ya nyanya. Binti alikuwa amekonda, macho yamevimba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wanakuitaje siku hizi pale uani?"

Amira akaokota nyanya, akaibonyeza. Chiku akamsogelea, akamweleza yote, neno kwa neno, kama alivyotamani kuyasema siku zote pale uani. Amira aliendelea kubonyezabonyeza nyanya.

"Najua, dada. Aliniambia mwenyewe. Akalia, akaniomba nimsitiri."

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje?" Amira akalipa, akajitanda vizuri kanga yake, akaenda kuwapikia mumewe na mkwewe.