Mkaguzi Asiyekula Nyama

Ng'ombe yule alikuwa mweupe, ana mabaka meusi shingoni, na Philip Osundwa ndiye aliyempitisha. Asubuhi hiyo ya Jumanne malori mawili yalikuwa yanasubiri langoni mwa kichinjio, wachuuzi wanapiga kelele, na mvua ya jana yake ilikuwa imeacha tope linalofika kwenye vifundo vya miguu. Kazi ya Osundwa ilikuwa kumkagua kila mnyama kabla hajaingia ndani, kisha kukagua nyama yake na kuipiga mhuri. Alimtazama yule ng'ombe macho na pua, akauliza, "Huyu hana mimba?"

"Ni kunenepa tu, daktari," mwenye ng'ombe akajibu.

Angeweza kumpapasa tumbo. Isingemchukua hata dakika mbili. Lakini akasema, "Haya, ingiza."

Tumbo lilipopasuliwa, ndani yake mlikuwa na ndama aliyekamilika, manyoya yamemlalia mwilini, kwato laini za manjano. Alifungua mdomo mara mbili kama anayetafuta titi, kisha akatulia. Wachunaji walisimamisha visu. Mmoja wao akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua la kufanya, halafu kazi ikaendelea. Osundwa alikagua ini, mapafu na tezi. Nyama haikuwa na ugonjwa wowote. Akaipiga mhuri.

Saa saba alikwenda kula kwa Wanyonyi, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Wanyonyi alikuwa na bucha mjini Kakamega, na nyuma ya bucha kijihoteli chenye meza nne. Alikuwa mtu mnene, mwingi wa maneno, na ndiye rafiki pekee wa Osundwa pale mjini, maana mke wake, Teresa, aliishi nyumbani Shianda akilinda miwa, na yeye alipanga chumba kimoja mtaa wa Amalemba. Siku hiyo Wanyonyi alimwekea ugali na nyama ya kukaanga. Osundwa akanawa, akamega tonge, akashika kipande cha nyama. Akakirudisha sahanini. Alikula ugali mtupu kwa chumvi, akasema tumbo limemsumbua.

Alidhani ni jambo la siku mbili tatu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na mkono wake haukurudi kwenye nyama. Hata ndama hakuwa tena ndiye sababu. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewatazama wanyama kwa kutafuta ugonjwa tu, na sasa aliona mambo mengine: ng'ombe anayekataa kupita mahali mwenzake alipopita, mbuzi anayemfuata mtu aliyemleta kwa sababu anamwamini. Alianza kumpapasa tumbo kila jike, foleni iwe ndefu namna gani, na wenye mimba akawarudisha. Wachuuzi wakamnung'unikia. Hakuwachukia. Wala hakuwahi kumwambia mtu yeyote aache kula. Jioni alijipikia maharagwe au mrenda kwenye jiko la gesi, akala peke yake amekaa kitandani, redio ikiongea.

Nyumbani Shianda hakuwa na mahali pa kujificha. Jumamosi moja mwezi wa nane alimkuta Teresa ameshamchinjia jogoo. Teresa alikuwa amemfuga jogoo huyo tangu Pasaka, na kila alipompigia mumewe simu alimtaja. Aliweka kuku, ingokho yenyewe, mezani, firigisi juu kama inavyomstahili mwenye nyumba, akakaa na kungoja.

"Mama Beldina," Osundwa akasema, "siku hizi sili nyama."

"Kuku si nyama."

"Hata kuku."

Teresa alimkazia macho. "Umeingia Usabato?"

"Hapana."

"Daktari amekukataza?"

"Hapana. Nimeshindwa tu." Akamweleza habari za ndama, akajaribu kumweleza na yale mengine, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo yalivyosikika madogo, kama malalamiko ya mtoto.

Teresa alisikiliza hadi mwisho. "Sisi tulikuwa tunaonjanga nyama Krismasi," akasema. "Mama alikuwa anatugawia vipande vidogo, anakula mchuzi. Nikasema nikiolewa, mume wangu akifika nyumbani atakuta kuku. Miaka thelathini nimekuwekea kuku, Baba Beldina. Leo unaniambia nilikuwa nakukosea?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Akaifunika sahani, akaipeleka kwa jirani. Binti yao, Beldina, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alipopigiwa simu alicheka, akasema mjini watu wa namna hiyo ni wengi siku hizi, baba asisumbuliwe. Lakini mambo ya Nakuru hayakumsaidia Teresa pale Shianda.

Kumbe Kakamega nako watu walikuwa wameanza kuongea. Mteja mmoja wa Wanyonyi aliona kwamba mkaguzi, mwenye mhuri, anakula ugali na sukuma kila siku. Akauliza kwa nini. Mwingine akasema yule anajua kitu. Kufikia mwezi wa tisa, sokoni ilikuwa habari kamili: mkaguzi mwenyewe hagusi nyama ya Kakamega. Wengine wakasema ni dawa wanazodungwa ng'ombe, wengine wakasema ni nyama ya punda. Wanawake waliokuwa wakinunua nyama kila Ijumaa wakahamia kwenye omena na ndengu. Bucha mbili zikafunga mapema siku kadhaa mfululizo. Kwa Wanyonyi nyama ilining'inia tangu asubuhi hadi inakuwa nyeusi.

Osundwa alipopata habari alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya bucha. "Nyama hii ni safi," akawaambia watu. "Nimeikagua mimi. Haina tatizo lolote."

"Basi kula tuone," mama mmoja akasema.

Wanyonyi akakata kipande cha maini yaliyokaangwa, akamnyooshea kwenye ncha ya uma. Watu walikuwa kama ishirini. Osundwa alikitazama kipande, akamtazama rafiki yake, akaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Hakukipokea. Watu wakatawanyika, wengine wakicheka.

Jumapili alasiri Wanyonyi alikuja Amalemba. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia katika kile chumba. Alikaa kwenye kiti cha pekee, akapangusa uso kwa leso.

"Daktari, mimi sijui kubishana na mtu aliyesoma," akasema. "Lakini unadhani mimi sionangi? Nimechinja tangu niko na miaka kumi na sita. Ng'ombe akilia nasikia. Lakini hao ng'ombe ndio wamesomesha watoto wangu, na mshahara wako pia unatoka hapo hapo. Kwani wewe unakula nini kama si ng'ombe? Unapitisha tu kwa njia nyingine."

Jambo hilo Osundwa alikuwa amejiambia mwenyewe mara nyingi.

"Nimeomba nihamishwe niende upande wa chanjo," akasema. "Chebet amekataa. Anasema hana mkaguzi mwingine." Chebet alikuwa mkubwa wake kazini.

"Sitaki uhame. Nataka unisaidie." Wanyonyi akavuta kiti karibu. "Sema una gauti, ule ugonjwa wa kuvimba miguu. Mtu wa gauti hakulangi nyama, kila mtu anajua hivyo. Hakuna atakayekuuliza tena."

"Sina gauti."

"Nani atakupima?"

Nje majirani walikuwa wanafua, maji yakimwagwa mtaroni.

"Ni neno moja tu, Philip," Wanyonyi akasema. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

Basi Osundwa akalisema. Alilisema Jumatatu mchana hotelini, meza zote zikisikia, na kuanzia hapo akawa anachechemea kidogo mguu wa kulia. Jambo lilikwisha kwa urahisi uliomshangaza. Watu walimpa pole. Mama wa mboga alimletea majani ya kuchemsha. Wateja wakarudi kwenye nyama, Wanyonyi akarudi kwenye maneno yake mengi, na kila siku sufuria dogo la maharagwe liliwekwa kando kwa ajili ya mgonjwa. Watu walimkalia karibu kuliko zamani, wakamwuliza mguu umelalaje. Alijibu. Alipofika chumbani alivua viatu, akakaa akiutazama mguu wake mzima, na ilimjia kwamba katika mji ule wote hakuna aliyekuwa akiongea na yeye. Walikuwa wakiongea na mgonjwa wa Wanyonyi.

Teresa aliipokea gauti kwa mikono miwili. Osundwa alipomkumbusha kwa simu kwamba ni uongo, Teresa alisema, "Najua. Lakini nimeshawaambia akina mama wa jumuiya ya kanisa." Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao hakuwa ameusikia tangu siku ile ya jogoo. "Wanakuja Jumamosi kukuombea."

Walikuja watu kumi na watano. Viti vilipangwa uani, kando ya miwa, na mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja aliyeitwa Gentrix, akaongoza sala. Waliuombea mguu wa Osundwa kwa jina lake na kwa dhati, wengine wamefumba macho, na yeye akainamisha kichwa kwa aibu. Kando yake alikaa Mzee Osiako, aliyestaafu kazi ya kiwandani, mwenye gauti ya kweli. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimevimba, amevaa ndara zilizokatwa mbele.

Sala zilipokwisha na akina mama wakaingia jikoni kupakua, Osiako alimgeukia. "Wewe inakushika saa ngapi?"

"Asubuhi," Osundwa akasema. "Nikienda kazini."

"Mimi ni usiku. Hata shuka ikigusa nalia." Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge, akakata safu moja. "Chukua hizi. Mimi nitaenda kuchukua nyingine wiki ijayo."

Osundwa alivishika vile vidonge. Mzee huyu alikuwa anamgawia usingizi wake. "Mzee," akasema polepole, "mimi sina gauti. Niliacha tu nyama. Nilishindwa kuendelea kuwala wanyama. Gauti ni maneno ya kunyamazisha watu."

Osiako alimtazama mguu, kisha uso. "Hauumwi?"

"Hapana."

"Na unatembea kama mimi?"

Osundwa aliuvuta mguu wa kulia chini ya kiti.

"Mimi ningepona leo, ningekula leo," Osiako akasema. "Nipe dawa yangu."

Akanyoosha mkono, akaipokea, akashika bakora yake ili aondoke. Bakora ikateleza kwenye udongo uliolowa. Osundwa aliruka kutoka kitini, hatua tatu ndefu, akamdaka mzee kabla hajaanguka, akamsimamisha na kumshikilia. Alipoinua macho alimwona Gentrix mlangoni mwa jikoni, sinia mikononi.

"Amepona!" Gentrix akapiga kelele. "Mmeona alivyoruka? Baba Beldina amepona!"

Vigelegele vikalipuka. Akina mama walitoka jikoni wakiimba, mmoja akamshika mkono akamzungusha, na mwingine akaenda kumletea sahani ya kwanza, maana mtu aliyepona lazima ale. Paja la kuku, mchuzi, ugali wa moto. Osundwa alimtafuta Teresa kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, mikono imeshika kanga kifuani, na alikuwa akimtikisia kichwa polepole. Hakujua kama alikuwa anamwambia asile au anamwambia asiseme.

"Sikuwa mgonjwa," Osundwa akasema.

Wimbo uliendelea kidogo, ukakatika. Akarudia. Akawaambia hakuwahi kuwa na gauti, nyama ya Kakamega ni safi, na yeye haili kwa sababu hawezi tena, basi. Akaomba msamaha kwa sala zao. Hakuna aliyemgombeza. Gentrix aliirudisha sahani kwenye sinia kwa uangalifu, kana kwamba ingevunjika. Watu walikula haraka, wakaongea habari za bei ya miwa, na kabla ya saa kumi na moja viti vyote uani vilikuwa vitupu.

Teresa aliosha vyombo vyote. Alipomaliza tu alisema, "Ungeniachia hata huo ugonjwa."

Asubuhi ya Jumapili Teresa hakwenda kanisani. Osundwa alipakia begi lake arudi mjini, ambako alijua habari ingekuwa imemtangulia, na kwamba kesho Wanyonyi angemtazama tu kutoka nyuma ya kaunta. Alitoka bila kuchechemea. Alipofika mwisho wa shamba la miwa alisikia miguu nyuma yake. Teresa alikuwa anakuja na mfuko wa mboga, kunde na mrenda, bado zina umande. Akampa.

"Asante, Mama Beldina."

Teresa alitazama upande wa barabara. "Na mayai je," akauliza, "unakula?"

"Mayai nakula."

"Sikujua."

Akasimama pale, hakurudi kuyachukua wala hakuondoka. Osundwa alingoja kidogo. Halafu akaweka mfuko begani, akaenda.