Mahameli ya Kwaya

Naanza na sifa zangu mwenyewe, maana nikiwaachia wengine wazitaje watazipunguza. Mimi ni fundi cherehani, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Sijawahi kumkabidhi mteja nguo inayombana kwapani. Mkasi wangu haushikwi na mtu. Mume wangu aliwahi kuuchukua akakatia karatasi, na mpaka leo akiuona mezani anapita mbali. Mtaani wananiita Kamanda, nami najifanya jina hilo silipendi.

Chumba chetu cha kazi kina cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia na dirisha moja linalotazama barabarani. Nafanya kazi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuja kwangu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, nikamfundisha kila kitu. Ni mpole mpaka anakera. Ukimgombeza anasema, "Sawa, Wifi," halafu unabaki na hasira zako hujui uzipeleke wapi. Kazi tumegawana: yeye anatandika kitambaa mezani, mimi nakata.

Kanisa letu lilipokaribia kufungua jengo jipya, nilijitolea kushona majoho thelathini ya kwaya. Kitambaa kingetoka kanisani, ushonaji ungekuwa sadaka yangu. Lilipotangazwa jambo hilo nikapigiwa makofi, na sitadanganya, yaliniingia vizuri sana masikioni.

Kitambaa kilikuwa mahameli, rangi ya damu ya mzee. Mahameli ina manyoya yaliyolalia upande mmoja. Ukiipapasa kwenda chini ni laini, ukiipapasa kwenda juu inakwaruza, na ukiishona kinyume inaonekana rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo haikunjwi mezani huku na huku kama kitambaa cha sare za shule. Inakatwa vipande kwanza, kisha kila kipande kinatandikwa juu ya mwenzake, vyote vikitazama upande mmoja. Jora la kwanza wifi alilitandika hivyo asubuhi nzima bila kuinua kichwa, nikakata miili ya majoho. Jora la pili lilikuwa la mikono. Nikamtuma wifi dukani akalete uzi, na kwa kuwa nilikuwa na haraka nikalikunja mwenyewe huku na huku, tabaka juu ya tabaka, kama ninavyokunja sare kila mwezi wa kufungua shule. Nikapitisha mkasi.

Wiki mbili kabla ya sherehe kwaya ikayajaribu majoho. Wakajipanga mbele kwa safu tatu, taa za jengo jipya zikawashwa, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nusu yao walionekana kama wameazima mikono kwa kwaya nyingine. Mwili damu ya mzee, mikono imepauka.

Mwalimu wa kwaya hajui kunong'ona. "Fundi!" aliita, ukumbi mzima ukasikia. "Hapa imekuwaje?"

"Anayetandika kitambaa ni wifi yangu," nikajibu.

Katika maneno yale hapakuwa na uongo hata mmoja, na ndiyo maana yalitoka kirahisi. Lakini nilikuwa najua. Nilijua tangu taa zilipowaka, maana fundi hasahau kazi ya mikono yake. Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika kopo la pini. Akanitazama, kisha akaanza kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

Juma lile kamati ya kanisa ilikuwa inamtafuta mwalimu wa darasa jipya la ushonaji, na jina la wifi lilikuwa la kwanza. Aliitamani kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alishaanza hata kuandika masomo kwenye daftari. Siku mbili baada ya majaribio jina lake likaondolewa. Nani atamkabidhi wanafunzi mtu aliyeharibu majoho ya kwaya?

"Mdogo wangu amelia," mume wangu aliniambia wakati wa chakula.

"Ufundi una machozi yake," nikamjibu, nikaongeza mchuzi.

Sasa, mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kusoma Neno, kila Alhamisi saa kumi jioni. Tuna utaratibu wetu ulioanzishwa na nesi mmoja mstaafu: hakuna anayeinuka kabla hajasema kesho atalifanyia kazi lile neno wapi, na kwa nani. Maneno ya jumla hayapokelewi. "Neno ni kidonge," nesi husema. "Ukikishika mkononi hakitibu." Kwa utaratibu huo nimewatuma wenzangu wakapatane na majirani, mabosi na mama wakwe, tena bila huruma.

Alhamisi ile zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Tukaangukia habari ya mtu anayepeleka sadaka yake madhabahuni, akiwa pale akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende wakapatane kwanza. Nilisoma hadi mwisho, sauti ikawa inapungua kama redio inayoishiwa betri. Wifi hakuwepo. Alisema kichwa kinamuuma.

Wenzangu wakasema yao, mmoja mmoja, nikawa naitikia kwa kichwa. Kisha nesi akavua miwani. "Mwenyekiti, umebaki wewe."

"Nitawaombea wagonjwa," nikasema.

"Wagonjwa gani?"

"Wa hospitali."

"Hospitali ina wagonjwa mia mbili. Unaanza na kitanda kipi?"

Wakacheka. Mimi nikashindwa kucheka. Niliwatazama wanawake niliokuwa nawatuma kila juma, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikawaambia yote: jora, haraka, na lile jibu langu safi lisilo na uongo.

Nikatarajia nesi anipe pole. Hakunipa. "Wifi yako ulimchafua wapi?"

"Mbele ya kwaya."

"Basi kamsafishie hapohapo."

Wacha nikwambie ukweli: usiku ule nilitafuta njia nyingine zote. Ningemwomba radhi jikoni, sisi wawili. Ningemshonea gauni. Lakini kila njia iliniacha mimi nikiwa Kamanda na yeye akiwa mharibifu.

Jumamosi kwaya ilikuwa mazoezini. Nikaenda na wifi, nikamwambia tunapeleka vipimo. Katikati ya wimbo nikapanda mbele nikainua mkono, na mwalimu wa kwaya akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Mikono ya majoho niliikata mimi," nikasema. "Jora nililikunja mimi. Wifi yangu hakuligusa. Mlipouliza, nikamsukumia yeye kosa langu, nikijua. Nisameheni nyinyi, lakini kwanza anisamehe yeye."

Wifi akaja hadi mbele, taratibu kama kawaida yake.

"Nilikwambia, Wifi," akasema. "Niliporudi na uzi nilikwambia mahameli imekunjwa. Ukaniambia nikapige pasi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nami nikakumbuka, ni kweli, aliniambia, na sikugeuza hata shingo.

"Kwa nini hukusema siku ile?" nikamuuliza.

"Nilitaka useme mwenyewe. Nimeomba siku tano, magoti yananiuma." Akanishika mikono yote miwili. "Nimekusamehe. Sasa nisikilize, maana wewe husikilizi. Mikono ya majoho ni mipana na imenyooka. Tukiifumua, tukaigeuza juu iwe chini, manyoya yatakaa sawa. Itapungua vidole viwili tu. Tutaizungushia utepe mwisho."

Miaka ishirini na mbili, na wazo hilo halikunijia. Yeye alikuwa nalo tangu siku ya majaribio, ila hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mimi nilishamfanya mtu wa kutoulizwa.

Kutoka pale nikaenda kwa kamati kwa miguu yangu, nikarudia maneno yaleyale. Kisha tukafumua. Kwa siku sita Kamanda alipokea amri: "Wifi, fumua huku. Wifi, usivute." Mume wangu alikuwa anapita dirishani mara nyingi kuliko ilivyohitajika, apate kutazama.

Siku ya ufunguzi kwaya iliingia imevaa rangi moja toka shingoni hadi kiganjani, na kule mwisho wa mikono utepe unang'aa. Watu walidhani ndiyo mtindo. Nimeshona magauni ya maharusi, nimeshona suti za wakubwa, lakini kifua hakijawahi kunijaa namna ile, na kazi yenyewe iliyokuwa inasifiwa haikuwa yangu.

Kamati ilimrudisha. Darasa lilipoanza nilikwenda kumsikiliza, nikakaa benchi la nyuma. Wanafunzi kumi na wanane, cherehani tisa, na wifi yangu mbele na daftari lake. Somo lilipofika kwenye mahameli akaeleza manyoya, akaonya juu ya kuikunja.

"Mwalimu," msichana mmoja akauliza, "kwani kuna fundi mzima anaweza kukosea hivyo?"

"Yupo," wifi akajibu. "Tena ni hodari kuliko mimi."

"Nani huyo?"

Wifi akafungua daftari. "Tuendelee na somo."

Alikuwa ananifunika, mbele ya watu, mimi niliyemvua. Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema, na vichwa kumi na vinane vikageuka. "Niliharibu mimi, akatengeneza yeye. Sasa acheni kunikodolea macho, mtazameni mwalimu wenu, anataka kukata."