Misumari Mitano

"Ni mimi," alisema Kimya kutoka darini, na vumbi likanidondokea puani.

Nikapiga chafya. "Ni mimi," nikajibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Tuliitwa kwenye nyumba zinazosemekana zina mizimu; tukanyunyiza unga sakafuni, tukatega nyuzi milangoni, tukawasha kinasa sauti. Ukikohoa, ukikanyaga ubao, sharti useme ni mimi, tusije tukamsingizia marehemu wa watu. Mwenzangu nilimpa jina Kimya kwa sababu, kwa miaka miwili, maneno hayo mawili ndiyo aliyonisemesha zaidi.

Mjane mwenye nyumba alikaa mezani, vikombe viwili vya chai mbele yake. Kila alasiri, saa kumi, hatua tano zilipita juu ya sebule ile. Yeye alisema ni mumewe anarudi kutoka kazini. Aliyetuita ni binti yake, muuguzi.

"Sauti ikome leo," alininong'oneza, "la sivyo Jumamosi namhamishia kwangu. Mama anaongea na dari!"

Saa kumi ikafika. Ko. Ko. Ko, ko. Kisha ya tano, nzito. Mjane akasogeza kikombe cha pili taratibu, kama anayempisha mtu akae.

Kimya akashuka ngazi, utando wa buibui kichwani. Mdomo wake haukujua kudanganya, na kwa mara ya kwanza nikatamani ungejua.

"Ni bati, Mama. Jua likipungua linasinyaa, linacheza kwenye misumari mitano iliyolegea. Nyundo ninayo. Dakika mbili tu."

Binti akashusha pumzi. Mjane akacheka, kicheko cha msichana.

"Mwanangu, unadhani sijui ni bati? Baba yake huyu ndiye aliyelipigilia, mimi nikimshikia ngazi. Nikamwambia, we baba, misumari imekaa upande. Akanijibu, wewe shika ngazi, ufundi niachie mimi." Akafuta jicho kwa kiganja. "Hakuwa na mkono wa nyundo, yule. Nguo zake mmegawa. Picha zimefifia. Kilichobaki ni huo ubishi wake hapo juu. Mkiunyoosha, nitakaa na nani?"

Kimya akarudisha nyundo mkobani. Binti aliinuka, akaingia jikoni, nikamsikia akipekua kabati. Alirudi na kikombe cha tatu.

"Sogea, Mama," akasema. "Nami nimechoka."

Siku iliyofuata, ofisini, nilisikiliza kinasa ili niandike ripoti. Muda mfupi kabla ya zile hatua, palikuwa na ukimya mrefu, kisha sauti ya chini: "Ni mimi." Nikarudisha nyuma. Hakuna kikohozi. Hakuna ubao.

Nikampelekea Kimya kinasa mezani kwake. "Hapa hukugusa kitu."

Aliviangalia viatu vyake.

"Nilikuwa nakutazama kupitia upenyo wa dari," akasema. "Moyo ukaanza kugonga. Nikaogopa kinasa kitausikia."

Mlango wa jikoni kwetu Kimya aliutundika mwenyewe, mwaka tuliooana. Unakwaruza sakafu kila ukifunguliwa. Mafundi wawili wameshajitolea kuurekebisha, nami nimewakatalia wote wawili.