Namba ya Siri ya Michirizi

Kwa miaka mitatu dada mtafiti alikuwa akipima michirizi ya chembe inayochomoka viini vya atomu za madini ya risasi vinapogonganishwa kwa kasi ya kutisha. Alipomaliza, bosi wake, ambaye maabara nzima ilimwita Bwana Tai kwa sababu hata kantini hakuilegeza tai yake, alilinakili faili la vipimo, akafuta jina la dada na kuweka la kwake.

"Wewe bado mbichi, mdogo wangu," alimwambia. "Shukuru umejifunza."

Dada alimwacha aende nalo. Maana Bwana Tai, ambaye hakuwa amepima chochote miaka nenda rudi, alikuwa amesahau utaratibu wa kazi: kila kipimo huzidishwa kwa namba ya siri, ambayo kompyuta humfichulia mpimaji peke yake akishamaliza, ili kabla ya hapo asijivutie jibu analolitaka. Namba hiyo huondolewa siku ya mwisho. Ya faili lile ilikuwa haijaondolewa.

Siku Bwana Tai alipowasilisha kazi hiyo kwenye mkutano wa watafiti, dada alikaa kiti cha mbele kabisa, mikono kifuani. Grafu ikatokea ukutani. Michirizi iliyopaswa kutoka hoi kwenye ujiuji wa moto unaozaliwa na mgongano ilitoka na nguvu maradufu. Ukumbi ukaanza kuguna.

Dada akainua mkono. "Namba ya siri uliyoitumia ni ngapi?"

Kwa mara ya kwanza Bwana Tai akailegeza tai. "Mdogo wangu," akanong'ona, akisahau kwamba maikrofoni iko mdomoni, "si unaijua wewe?"

"Naijua sana, kaka. Lakini kazi si yako? Itaje."